Bastola ya .22 inapogoma na inapokwama

Barua kadhaa za mwezi huu zimehusu bastola ndogo za .22, yaani za risasi nyembamba yenye upana wa inchi 0.22 hivi, zile ambazo watu wengi hujifunzia kulenga shabaha na wengine hubaki nazo maisha yao yote. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna maswali ya wasomaji wengi.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, salamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Columbus, Ohio, na kwa miaka minne sasa huenda kulenga shabaha kila Jumamosi. Bastola yangu ni Mark III ya kampuni ya Ruger ya Marekani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Magazini (vibebeo vya risasi) mbili za kwanza humalizika bila tatizo lolote, lakini baadaye huanza kusumbua: mara risasi haitoki, mara ganda hubaki limesimama kwenye mlango wa kutokea maganda. Nimebadilisha springi ya nyundo na hali ni ile ile. Wenzangu wananiambia bastola imechoka, niiuze. Je, ni kweli? Na niisafishe vipi, maana kila nikiifungua hupoteza saa nzima nikijaribu kuirudisha? — S.M.

JIBU: Ndugu S.M., bastola yako haijachoka, na ukiiuza kwa sababu hizo utakuwa umemfaidisha mnunuzi. Umeeleza magonjwa mawili ukayapa jina moja. Kugoma ni pale unapovuta triga, nyundo ikaanguka, ukasikia mlio mdogo wa chuma na risasi isilie. Kukwama ni pale risasi imelia vizuri lakini ganda lake likashindwa kutoka, au inayofuata ikashindwa kuingia. Mafundi wengi huyatibu yote mawili kwa kubadilisha springi, kwa sababu springi ni rahisi kuipata na rahisi kuitoza fedha.

Tuanze na kugoma. Risasi za bastola kubwa, kama zile za milimita 9, zina fataki yake, yaani dawa inayowasha baruti, kama kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Risasi ya .22 haina kikombe hicho. Kitako chake kimekunjwa kikawa ukingo mwembamba wenye uwazi ndani, na kiwandani dawa ya fataki, ikiwa bado mbichi, huwekwa ndani ya ganda, kisha huzungushwa kwa kasi ili isambae na kuingia katika uwazi huo mzunguko mzima. Ikisambaa sawasawa, pini inayopigwa na nyundo itagonga popote na risasi italia. Likibaki pengo, na pini ikaangukia penye pengo, utasikia ule mlio mdogo tu. Ndiyo maana wazoefu huichukua risasi iliyogoma, huigeuza nusu mzunguko na kuirudisha, na mara nyingi hulia safari ya pili. Mpango huu ni wa zamani. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert ndiye aliyeuanzisha katika miaka ya 1840, na risasi ya .22 Long Rifle tunayoitumia leo ilitolewa na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887. Baruti imebadilika tangu hapo, lakini dawa bado husambazwa kwa kuzungushwa, na hata kiwanda kizuri hakiwezi kuahidi kwamba kila moja kati ya maelfu itakuwa kamili.

Kwa hiyo, kabla hujagusa springi nyingine, weka kando risasi zako zilizogoma na uangalie alama ya pini ukingoni, ikiwezekana kwa lenzi. Alama ikiwa ya kina na safi, lawama ni ya risasi, na dawa yake ni kubadilisha aina ya risasi. Alama ikiwa nyepesi kama mkwaruzo wa kucha, lawama ni ya bastola: njia ya pini imejaa masizi, au springi imelegea, au, na hili ndilo ninalolishuku kwako, risasi haikuingia hadi mwisho katika chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa, hivyo nguvu ya pini ikaishia kuisukuma mbele badala ya kuipasua fataki. Neno lako "baadaye" ndilo lililonipeleka huko. Risasi mbovu haijui kusubiri magazini ya tatu. Tatizo linalokuja baada ya risasi ishirini au thelathini ni tatizo la kitu kinachojaa.

Na kinachojaa ni nta, masizi na madini ya risasi. Kichwa cha risasi ya .22 kina upana uleule wa ganda lake, kwa hiyo mafuta au nta ya kulainishia hupakwa nje, mahali ambapo hushika vumbi na kuacha utando ndani ya chemba. Kila mlio huongeza masizi juu ya utando huo, na chemba ikipata joto utando huwa kama gundi. Ukichanganya na risasi za bei ya chini ulizoziacha ndani ya gari mchana wa jua hadi nta ikalainika, utapata hali unayoieleza.

Sasa kukwama. Bolti ya bastola yako, yaani kile chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, haifungwi na kitu chochote wakati risasi inapolia. Inazuiwa na uzito wake na springi yake tu, na ganda lenyewe ndilo linaloisukuma irudi nyuma. Nguvu inayofanya kazi hiyo yote hutoka katika risasi ambayo kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi, kwa hiyo hakuna akiba kubwa. Katika bastola ya milimita 9, uchafu kidogo hauonekani kwa sababu nguvu ni nyingi. Katika .22 uchafu uleule hupunguza mwendo wa bolti kwa kiasi cha kutosha ganda lisirushwe, likabanwa mlangoni likiwa limesimama kama bomba la jiko. Kwa sababu hiyo aina ya risasi ina maana kubwa. Risasi ya kawaida ya kampuni ya CCI, kwa mfano, huandikwa kwenye pakiti mwendo wa mita 326 hivi kwa sekunde, na Mini-Mag ya kampuni hiyo hiyo, ambayo kichwa chake kimepakwa shaba, huandikwa mita 376. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama bolti iliyochafuka itarudi hadi mwisho au itaishia njiani. Nakushauri ununue pakiti moja moja ya aina nne au tano, usafishe bastola, upige risasi 50 za kila aina, na uandike kwenye daftari kilichotokea. Bastola za .22 huchagua chakula kama mtoto mdogo, na mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kupendelea risasi tofauti.

Magazini nayo usiisahau. Kwa kuwa kila risasi ina ukingo unaotokeza, risasi ya juu lazima ukingo wake ukae mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Zikipishana vibaya, ya juu huivuta ya chini na zote mbili hugoma kwenda mbele. Kile kitufe cha pembeni kinachosaidia kushusha springi ndicho kishawishi kikubwa: watu hukivuta hadi chini na kumimina risasi kumi kama wanajaza njugu chupani. Kishushe kidogo tu kwa kila risasi, uziweke moja moja, kisha ugonge mgongo wa magazini kiganjani. Ndani ya magazini pangusa kwa kitambaa kikavu na usitie mafuta hata tone.

Kuhusu kusafisha, kwanza toa magazini, vuta bolti nyuma, na utazame chemba kwa macho na kwa ncha ya kidole. Mark III ina kijiti cha pembeni kinachoonyesha kwamba chemba ina risasi, lakini mimi sijawahi kukiamini kijiti kuliko jicho langu. Bolti ikishatoka, chemba ndiyo ya kwanza: brashi ya shaba yenye dawa ya kuyeyusha masizi, mizunguko michache, kisha kitambaa. Halafu uso wa bolti na chini ya kulabu inayovuta ganda, ambako uchafu hujibana ukawa mgumu kama mkaa. Kijiti cha kuchokolea meno kinatosha. Mtutu wenyewe usiupende kupita kiasi. Risasi laini ya .22 haiudhuru, ilhali fimbo ya chuma inayoingizwa kwa pupa kutoka mbele hukwaruza ukingo wa mdomo wa mtutu, na ukingo huo ndio unaoamua risasi iende wapi. Pitisha kitambaa kutoka upande wa chemba, mara mbili tatu, basi. Mafuta ni tone moja kila upande wa bolti na tone kwenye mhimili wa nyundo. Ukiona yanatiririka, umeshatengeneza mtego wa masizi. Mimi hupangusa chemba na uso wa bolti kila baada ya risasi 200 hivi, na kuifungua yote mara chache sana.

Saa moja unayoipoteza ukiirudisha hupotezwa na kila mwenye Mark III, na sababu karibu kila mara ni ile ile. Nyuma ya nyundo pananing'inia kijiti ambacho lazima kidondokee ndani ya kikombe cha springi. Kikilala upande wa mbele, bolti haitarudi nyuma hata ungeivuta kwa meno. Rudisha bolti, hakikisha nyundo imelala mbele, iinamishe bastola ili kijiti kining'inie huru, na wakati unapofunga kile kipande cha nyuma ya mpini geuza mdomo wa mtutu juu ili kijiti kijidondoshe chenyewe mahali pake. Kumbuka pia kwamba Mark III haikubali kuangusha nyundo bila magazini tupu ndani yake; wengi hukwama hapo wakidhani wamevunja kitu. Kampuni yenyewe iliusikia mno mlalamiko huu, na mwaka 2016 ikatoa Mark IV inayofunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ukishawishika kununua hiyo ikiwa imetumika, angalia namba yake: zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni 2017 ziliitwa zirudishwe kiwandani kwa sababu triga ikivutwa wakati kitufe cha usalama kimesimama katikati, bastola ingeweza kulia pale kitufe kinapopelekwa upande wa kupiga. Muulize muuzaji kama marekebisho yalifanywa.

Matatu ya mwisho, kwa sababu ya usalama. Risasi ikigoma, usifungue bolti mara moja. Elekeza mtutu kwenye shabaha na uhesabu polepole hadi 30, kwani fataki nyingine huchelewa. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama, toa kila kitu na utazame ndani ya mtutu, maana kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki humo, na risasi ya pili nyuma yake itaupasua au kuuvimbisha mtutu. Kisha nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, kwa kuwa madini ya risasi yamo katika kichwa na pia katika dawa ya fataki.

SWALI: Mimi ni mzee mstaafu wa Kilifi, nina leseni na bastola ya .22 ya kulengea shabaha. Maisha yangu yote vyuma vya nyumbani nimevipaka mafuta ya nazi, na bastola vivyo hivyo; hapa Kilifi haina shida. Mwezi wa Julai nilialikwa na vijana wangu kwenye uwanja wa shabaha huko Kiambu, na asubuhi ile bolti ilikuwa ikirudi kivivu kama imefungwa kamba. Je, ni mwinuko wa nchi? — Mzee K.

JIBU: Shikamoo Mzee. Mwinuko hauna kosa. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo ambalo kila aliyewahi kuibeba chupa yake kutoka pwani kwenda bara analijua, na asubuhi ya Julai huko Kiambu iko chini sana ya hapo. Bastola yako ilikuwa imejaa mafuta yaliyogeuka kuwa samli. Kilifi hali ni nyingine lakini si nzuri zaidi: mafuta ya kupikia huchacha kadiri siku zinavyopita na kuacha utando wa kunata, na utando huo hunasa mchanga mwembamba wa pwani. Kioshe chuma chote kwa dawa ya kusafishia silaha mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha utumie mafuta mepesi ya bunduki. Usiyabadilishe kwa yale ya kopo la kupuliza ya kulegezea nati zilizoshika kutu, kwa sababu nayo hukauka yakaacha gundi.

Hewa ya chumvi ndiyo adui wako halisi. Bastola ya chuma cheusi isilale ndani ya ala ya ngozi, hata kama ala ni nzuri na ulipewa zawadi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na dawa iliyolainishia ngozi hula chuma. Ndani ya kasha la chuma tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ila vibadilishe, maana kikishashiba hakifanyi kazi. Baada ya kila mara ya kuishika, ipanguse. Alama ya kutu ya kwanza karibu kila mara huwa na umbo la kidole.

SWALI: Nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha Nairobi na mwalimu wetu anataka tufanye mazoezi ya kuvuta triga nyumbani bila risasi. Rafiki ananiambia jambo hilo huua bastola ya .22. Nani ni mkweli? — Dada W.

JIBU: Wote wawili, Dada, inategemea bastola. Katika risasi ya ukingoni pini hugonga pembeni, na chemba ikiwa tupu pini isiyo na kizuizi hufika hadi kwenye mdomo wa chemba na kuuponda kidogo kidogo, mpaka siku moja ganda linakataa kuingia. Bastola nyingi za sasa zina kizuizi. Zile za Ruger za aina ya Mark zina kijipini kinachopita upande kwa upande ndani ya bolti na kuizuia pini ya kugonga isifike mbali, na kitabu chao kinaruhusu zoezi hilo mradi kijipini kiko mahali pake. Mimi niliwahi kukisahau mezani baada ya kusafisha. Nilivuta triga mara tatu tu, nikaona chemba ina kovu dogo linalong'aa, nikamlipa fundi alinyanyue kwa kifaa maalumu huku nikisikiliza hotuba niliyostahili.

Soma kitabu cha bastola yako kwanza. Kisiposema lolote, tia ndani ya chemba vile vifisha vya plastiki ambavyo mafundi hutumbukiza ukutani kabla ya skrubu, saizi ndogo inayoingia bila kulazimishwa: kichwa chake hukaa palepale ukingo wa risasi unapokaa, hupokea pigo, na kinagharimu karibu bure. Kizungushe baada ya kila pigo na ukitupe kikichakaa. Risasi zenyewe, hata moja, zisiwe katika chumba unachofanyia mazoezi. Kwa kuwa unalenga mashindano, jizoeze na triga ya uzito utakaokutana nao. Katika mashindano ya kimataifa ya mita 25 triga ya bastola haitakiwi kuvutika kwa uzito ulio chini ya gramu 1,000, na kidole kilichozoea triga laini kuliko hiyo hushangaa siku ya kupimwa.

SWALI: Baba yetu amefariki mwezi uliopita hapa Arusha. Katika sanduku lake tumekuta bastola ndogo iliyofungwa kitambaa, imeandikwa .22, ina kutu, na risasi chache kwenye kopo la kahawa. Kaka yangu amekwenda kutafuta mafuta aisafishe tuiweke kama kumbukumbu. Je, kutu hiyo itatoka? — N.

JIBU: Pole sana kwa msiba, Dada N. Kutu si swali la kwanza. Leseni ya silaha ni ya mtu, nayo hairithiwi pamoja na shamba na nyumba. Marehemu awe alikuwa na leseni au hakuwa nayo, kuanzia sasa hakuna kati yenu anayeruhusiwa kuimiliki bastola hiyo mpaka polisi waseme. Msiisafishe, msivute triga kuona kama inafanya kazi, na msijaribu kuifungua. Bolti iliyoshikwa na kutu inaweza kuwa imefungia risasi ndani ya chemba, na kwa nje huwezi kujua. Risasi za miaka mingi ndani ya kopo nazo zisijaribiwe: nyingine hazitalia, nyingine zitalia nusu.

Iacheni hapo ilipo, mtutu ukielekea mahali pasipo na mtu, fungeni chumba kwa ufunguo na watoto wasiingie. Msiibebe ndani ya mkoba kwenda kituoni. Mpigie simu mkuu wa kituo chenu cha polisi au mwende bila silaha, mumweleze mlichokikuta, na mwombe aje kuichukua. Tafuteni katika karatasi za marehemu leseni au risiti ya ununuzi na mfike nazo, na mkishakabidhi dai stakabadhi yenye namba ya bastola. Kama familia bado inaitaka baada ya hapo, mmoja wenu ataomba leseni kwa jina lake kama mwombaji mwingine yeyote, kwa masharti ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ikikubaliwa ndipo fundi aliyeidhinishwa atazame kutu. Kwa leo, mpigie simu kaka kabla hajafika dukani.